Treni ya uwanja wa ndege: ipite moja kwa moja au isimame njiani?

Mgeni wa Mapema

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya wanaojua reli, au waliowahi kuishi karibu na reli ya namna hii.

Jiji linataka kuunganisha katikati ya mji na uwanja wa ndege kwa treni. Fedha zinatosha njia moja tu: reli ya kwenda na reli ya kurudi, basi. Kuna kundi linasema iwe treni ya moja kwa moja. Unapanda mjini, milango inafungwa, ikifunguliwa umefika uwanjani. Mabehewa ya kisasa, sehemu ya mizigo, nauli ya juu kidogo. Kundi la pili linasema irefushwe tu treni ya kawaida ya mjini, inayosimama kila kituo, kwa nauli ile ile ya kila siku.

Mimi moyo wangu uko kwa moja kwa moja. Nasafiri kikazi, na nimewahi kuachwa na ndege kwa ajili ya foleni. Nimekaa ndani ya teksi, mnara wa kuongozea ndege nauona kwa macho, magari hayasogei. Kwa mtu aliyepitia hayo, treni isiyosimama inavutia sana.

Lakini kila nikisoma nakuta treni nyingi za aina hii zimepata taabu. Ya Delhi ilifunguliwa Februari 2011, Julai 2012 ikafungwa. Ya Toronto ilianza Juni 2015 na kwa miezi kadhaa ikawa inakwenda na viti vitupu. Ukigeuka upande wa pili, ya Hong Kong na ya Oslo zimeanza 1998 na zinaendelea vizuri mpaka leo. Tofauti ni nini hasa? Umbali? Nauli? Mahali stesheni ilipo? Na mtu mwenye mabegi mawili na mtoto mgongoni, treni ya kusimama kila kituo si itamtesa?

Naomba hoja, siyo ushabiki.

---

Abiria wa Dirishani

Mkuu, niko na wewe. Anayekwenda uwanjani ana saa moja tu kichwani, saa ya kufungwa kwa kaunta. Kila treni inaposimama anaangalia simu yake.

Hong Kong waliliona hilo mapema. Airport Express ilianza Julai 1998 sambamba na uwanja mpya wa Chek Lap Kok, dakika 24 hivi kutoka kisiwani. Na hawakuishia kwenye mwendo. Waliweka kaunta za mashirika ya ndege kwenye stesheni ya mjini, unakabidhi mabegi asubuhi, unapewa pasi ya kupandia, unamaliza shughuli zako mikono mitupu. Kuala Lumpur nao wakafuata 2002: kilomita 57 kwa dakika 28, na kaunta za mizigo pale KL Sentral, stesheni kuu ya mjini. Treni ya kila kituo itakupa hilo vipi?

Halafu watu wanalia nauli ni kubwa. Kubwa kuliko nini? Kuliko teksi haifiki. Anayetaka bei ya chini apande basi, na anayetaka uhakika alipie uhakika.

---

Zamu ya Usiku

Ndugu zangu, nimefanya kazi uwanja wa ndege miaka mingi. Nilianza usafi wa ndani ya ndege, baadaye nikawa napanga zamu za wenzangu. Nitaongea kutoka upande ambao wachoraji wa reli hizi huuona mwishoni, kama wanauona.

Mgeni wa Mapema, kabla hujachagua ipite au isimame, jiulize nani atakuwa ndani ya treni hiyo siku ya Jumanne isiyo na sikukuu wala likizo. Msafiri, hata yule wa kikazi kama wewe, huenda uwanjani mara chache kwa mwezi. Mfanyakazi huenda na kurudi kila siku ya kazi. Mtu wa siku 220 za kazi kwa mwaka anafanya safari 440. Heathrow, uwanja mkubwa wa London, peke yake ina wafanyakazi zaidi ya 70,000: wapakia mizigo, wapishi, askari wa ukaguzi, mafundi, wauza maduka, watu wa forodha, watu wa usafi. Uwanja mkubwa wa ndege ni mji wa kazi, na mji wa kazi hauhudumiwi na treni iliyopambwa kwa ajili ya mtalii.

Sisi tulikuwa na treni nzuri tu. Ilipita juu ya mtaa walikokaa karibu nusu ya watu wangu, kwenye nguzo za zege, taa za ndani zinawaka, unaviona viti vilivyo wazi, na haisimami. Chini yake tunasubiri basi. Kila mtu ana mfuko wa plastiki, ndani kizibao cha kung'aa, viatu vya kazi na kitambulisho kilichofungwa kwenye kamba, kwa sababu ukisahau kitambulisho getini hupiti na siku hiyo haihesabiwi. Basi likichelewa, ndege iliyotua inakaa na takataka zake, rubani anauliza, msimamizi anapiga simu, na anayekatwa mshahara ni yule aliyekuwa kituoni tangu usiku.

Ukiuliza kwa nini wasingekwenda mjini wakapanda treni huko: kwanza nauli, hata ukiweka punguzo la wafanyakazi. Pili, treni ya kwanza ilikuwa inafika zamu imeshaanza. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halikuhitaji fedha nyingi, lilihitaji mtu wa kuuliza. Ndege ya kwanza ikiruka saa kumi na mbili asubuhi, abiria anaanza kuingia saa kumi. Kabla hajaingia lazima kaunta ziwe wazi, mashine za ukaguzi zimewashwa na kujaribiwa, chakula kimepakiwa, vyoo vimepigwa deki. Treni inayoanza saa kumi na moja imewaacha wote hao, na imemwacha hata abiria wa ndege hiyo ya kwanza. Nimeona vijana wachapakazi wakiacha kazi wakati kazi wanaiweza kabisa. Njia ndiyo iliyowashinda.

Sasa turudi kwenye treni ulizozitaja.

Toronto haikuwa na kasoro ya reli. Dakika 25 kutoka Union Station ya mjini hadi uwanja wa Pearson, kila robo saa. Tatizo lilikuwa nauli ya dola 27.50 za Kanada kwa asiye na kadi ya nauli. Machi 2016 wakaishusha hadi dola 12, na kwa mwenye kadi hadi 9, abiria wakaongezeka haraka sana. Na angalia waliopanda: pamoja na wasafiri, walikuwemo watu wa Bloor na Weston, vituo viwili vya njiani, wanaokwenda kazini mjini na hawana habari na ndege yoyote. Vituo hivyo vilikuwepo tangu siku ya kwanza, bei ndiyo iliyokuwa inawazuia watu mlangoni.

Delhi ilianza na ubovu wa ujenzi. Kasoro zilionekana kwenye beringi zinazobeba madaraja ya reli, treni zikasimamishwa, zikarudi Januari 2013 kwa mwendo mdogo. Katikati ya mwaka huo mwendeshaji binafsi akaondoka na shirika la metro la jiji likaichukua njia. Baadaye nauli zikashushwa na watu wakaanza kuizoea. Hapo pia bei ilifanya kazi ambayo mwendo haukuifanya.

Sydney ndiyo ningependa kila mpangaji wa reli aisome. Njia ya uwanja ilifunguliwa Mei 2000, kabla ya Olimpiki. Stesheni zilijengwa kwa ubia na kampuni binafsi, ikapewa haki ya kutoza ada ya geti juu ya nauli ya kawaida. Reli inapita chini ya mitaa yenye watu, Green Square na Mascot, na ada ikawekwa hata huko. Mkazi wa Mascot asiyekwenda uwanjani kabisa akawa analipia uwanja. Abiria waliotarajiwa hawakuja, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikawa mikononi mwa wafilisi. Machi 2011 serikali ya jimbo ikaamua kuilipa yenyewe ada ya vituo hivyo viwili, na watu wakamiminika. Stesheni za ndani ya uwanja bado zina ada, ndiyo maana mpaka sasa kuna wanaoshuka Mascot wakamalizia kwa basi au kwa miguu.

Stockholm ni hivyo hivyo. Arlanda Express, treni ya moja kwa moja ya huko, inakwenda kilomita 200 kwa saa, dakika zisizofika 20, lakini kuna ada ya kupita stesheni ya uwanjani hata kwa treni nyingine. Wanaojua njia hupanda treni ya kawaida hadi mji jirani wa Märsta, wakamalizia na basi la 583.

Abiria wa Dirishani, Hong Kong uliyoisifia nami naisifia, lakini hukuisema yote. Reli ya Airport Express, kwa sehemu kubwa, inabeba pia laini ya Tung Chung, inayosimama mitaani kwa nauli ndogo. Wafanyakazi wa uwanja wanashuka Tung Chung, kituo cha mwisho karibu na uwanja, na kupanda basi la S1. Kuala Lumpur pia, juu ya reli zile zile za treni yako ya dakika 28, inapita treni ya pili inayosimama Bandar Tasik Selatan, Putrajaya na Salak Tinggi. Hiyo "moja kwa moja" unayoipenda haikujengewa reli ya peke yake. Na kuhusu kulipia uhakika: mpishi wa uwanja anahitaji uhakika kuliko mimi na wewe, kwa sababu wewe ukichelewa unabadilisha tiketi, yeye akichelewa anapoteza kazi.

Jambo moja la hesabu, kwa kuwa nilikuwa nalihesabu kila wiki. Watu wanatangaza dakika za safari na kuficha dakika za kusubiri. Treni ya moja kwa moja ya dakika 20 inayotoka kila nusu saa, mtu anayefika stesheni bila kuangalia ratiba anasubiri kwa wastani dakika 15. Jumla 35. Treni ya kawaida ya dakika 28 inayotoka kila dakika 10, anasubiri 5. Jumla 33. Yule wa "haraka" amefika nyuma, na amelipa zaidi. Kwa mtu aliyetua, amechoka, hajui ratiba, kusubiri nusu saa jukwaani ndiko kunakomrudisha kwenye teksi.

Abuja nayo inafundisha hili. Reli ya kutoka katikati ya mji hadi uwanja wa Nnamdi Azikiwe ilizinduliwa Julai 2018 ikiwa na mabehewa machache na safari chache kwa siku, ikasimama 2020 wakati wa Uviko-19, haikurudi hadi Mei 2024. Stesheni zilikuwepo muda wote huo. Treni za kutosha za kupita juu ya reli ndizo zilizokosekana, na hizo nazo ni fedha za kutengwa mapema, siyo za kutafutwa baada ya kukata utepe.

---

Mtu wa Ishara

Dada amesema ya abiria, niongeze ya reli yenyewe. Nafanya kazi chumba cha kuongozea treni.

Umesema fedha zinatosha reli mbili tu. Basi swali lako limeshajibiwa nusu, maana treni haipitani na mwenzake kama gari. Kila kituo kinachosimamisha treni kinaila kama dakika mbili: kupunguza mwendo, kufungua milango, kupandisha watu, kuchukua mwendo tena. Njia ikiwa na vituo sita, treni ya kila kituo inachelewa dakika 12 nyuma ya isiyosimama. Sasa tuseme unataka zote mbili juu ya reli moja. Ya kila kituo ikitoka saa mbili kamili, ya moja kwa moja haiwezi kutoka saa mbili na dakika tano, itaifikia mkiani kabla ya uwanja. Itabidi isubiri mpaka pengo litoshe, dakika zile 12 na za usalama juu yake. Wakati huo wote huwezi kutoa treni nyingine. Treni moja isiyosimama inakula nafasi ya treni tatu au nne za kawaida. Huku chumbani tunaliona kila siku: watu wa mtaani wanabanana ili wachache wapite.

Dawa ni njia za kupishana. Kwenye stesheni mbili za kati unaongeza reli ya pembeni, ya kila kituo inaingia kando, ya haraka inapita. Ni gharama, lakini ndogo mno ukilinganisha na kuziongeza baada ya maghorofa kusimama pande zote mbili. Hata kama huna fedha za reli hizo leo, nunua ardhi yake leo.

Mfano wa kusikitisha ni Chicago. Treni ya kawaida ya mjini, Blue Line, inafika uwanja wa O'Hare tangu 1984, usiku na mchana, dakika kama 45 hadi katikati ya mji. Wakuu wa jiji wakataka na ya moja kwa moja. Wakaanza kujenga stesheni kubwa chini ya jengo la Block 37, katikati kabisa ya mji, wakatumia zaidi ya dola milioni 200, na 2008 wakasimamisha kazi. Stesheni imebaki pango chini ya maduka. Kikwazo kilijulikana tangu mwanzo: reli ya kwenda O'Hare ni mbili, hakuna pa kupishana. 2018 likaja wazo la kuchimba handaki la peke yake, safari ya dakika 12. 2019 meya akabadilika, wazo likafa. Fedha za pango lile zingeweza kuinyoosha njia iliyopo, sehemu zile treni inapotambaa kwa sababu reli imechakaa, na kila abiria angefika mapema, wa ndege na asiye wa ndege.

Oslo umeitaja kama mfano wa moja kwa moja, lakini iangalie vizuri. Flytoget, treni yao ya moja kwa moja, inatumia dakika 19. Treni za kawaida za mikoa zinapita reli zile zile na kutumia kama 23. Tofauti ni dakika nne. Njia yenyewe ilijengwa ya mwendo mkubwa, kilomita 210 kwa saa, na vituo vya kati vimewekwa vichache. Maana yake ukijenga reli nzuri, hata treni inayosimama ni ya haraka.

Zürich walikwenda mbali zaidi. Tangu 1980 stesheni ya uwanja iko kwenye reli kuu ya taifa, chini ya uwanja wenyewe. Treni za miji mingine zinapita hapo hapo, na hadi katikati ya mji ni dakika 10 na ushee. Schiphol, uwanja wa Amsterdam, ni vile vile. Mtu wa mji wa tatu hahitaji kwenda katikati ya jiji kwanza ndipo ageuke arudi uwanjani. Kama reli yako inaweza kupenya uwanja na kuendelea mbele, isiishie uwanjani. Njia inayokufa ukutani inategemea ndege peke yake, na ndege zikipungua, nayo inapungua.

---

Mgeni wa Mapema

Nawashukuru sana. Dada Zamu ya Usiku, hapo kwenye hesabu ya kusubiri umenigeuza, nilikuwa sijawahi kuitazama hivyo. Na sikuwa nimewaza kabisa habari ya saa kumi alfajiri.

Naomba nibaki na mawili. La mabegi hamjaligusa: treni ya kawaida saa ya watu kutoka kazini imejaa, mtu anaingia na mabegi mawili makubwa, inakuwaje? Na la pili, kuna mvutano kuhusu stesheni ya mjini. Wapo wanaotaka iwekwe kwenye kiwanja kikubwa kilicho wazi, pembeni kidogo ya katikati ya mji, kwa kuwa ardhi ni rahisi na maegesho yatakuwepo.

---

Abiria wa Dirishani

La maegesho nakubali ni wazo baya, hata mimi. Nani anapeleka gari mjini ili apande treni ya kwenda uwanjani?

Na Kuala Lumpur sikujua habari ya treni ya pili juu ya reli hizo, nilikuwa napanda ile ya moja kwa moja tu. Ila kaunta za mizigo mjini bado nazitetea. Hazina ubaya kwa treni yoyote.

---

Zamu ya Usiku

Kaunta za mjini nami nazitetea, kaka, ila ziwe nyongeza. Bangkok walianza 2010 na treni mbili, ya moja kwa moja kutoka Makkasan yenye kaunta za mizigo, na ya kila kituo. Kwa miaka ya mwanzo Makkasan haikuwa hata na daraja la miguu la kuiunganisha na stesheni ya metro iliyo jirani, Phetchaburi. Mtu anaburuta begi barabarani kati ya magari ili akafike kwenye kaunta ya kukabidhi begi. Ya moja kwa moja ilisitishwa 2014. Ya kila kituo ikaendelea na inajaa mpaka mlangoni.

Hapo nimeshajibu na la kiwanja. Mgeni wa Mapema, pigana na hilo la ardhi rahisi. Shanghai ina treni ya sumaku iliyojengwa kufikia kilomita 431 kwa saa, kilomita 30 kwa dakika nane hivi, hakuna ya uwanja wa ndege inayoikaribia. Inaishia Longyang Road, mbali na katikati ya mji, unashuka na mabegi yako unaingia metro. Wengi huingia metro tangu uwanjani wakakaa humo humo, kwa sababu laini ya 2 inafika mjini bila kuwashusha. Hata London, Heathrow Express ni dakika 15, lakini inakuacha Paddington, na kwa wengi Paddington siyo wanakokwenda. Tangu laini ya Elizabeth ifunguliwe 2022, unaweza kutoka Heathrow ukapita katikati ya mji mpaka upande wa pili bila kubadili treni. Stesheni ya mjini iwe pale treni nyingine na mabasi yanapokutana tayari. Ikiwezekana treni ipite katikati ya mji na kuendelea, abiria wasambae kwenye vituo vitatu vinne badala ya kumwagika wote mlango mmoja.

Na upande wa uwanjani, pima kwa miguu. Gatwick, uwanja mwingine wa London, tangu 1958 jengo la abiria lilijengwa na stesheni ikiwa sehemu yake, unatoka jukwaani unaingia ukumbini. New York walipanga treni ya uwanja wa LaGuardia ambayo ingempeleka abiria kwanza upande wa kinyume na Manhattan, hadi Willets Point, ndipo apande treni nyingine kurudi. Gharama ikapanda kutoka dola milioni 450 hadi zaidi ya bilioni mbili, na 2023 ikafutwa. Kama jengo jipya la abiria linachorwa sasa, nafasi ya stesheni ichimbwe pamoja na msingi wake hata kama reli itafika baada ya miaka kumi. Kuchimba chini ya uwanja unaofanya kazi ni hatari na ghali. Heathrow Oktoba 1994 mahandaki ya reli yaliporomoka wakati wa ujenzi, na hiyo ni nchi yenye mafundi wa siku nyingi.

Kuhusu mabegi. Nimewaona watu wa mabegi maisha yangu yote ya kazi, na kinachowatesa ni ngazi kuliko kusimama vituoni. Ni lifti moja ya watu wanne, imeharibika, na karatasi ya kuomba radhi imebandikwa hadi imefifia. Ni pengo kati ya jukwaa na behewa, gurudumu la begi linanasa, mama anavuta, mtoto analia, walio nyuma wanasukuma. Sakafu ya behewa iwe sawa na jukwaa kabisa. Milango iwe mipana, na karibu na mlango paachwe wazi bila viti, mtu asimame na begi lake akiwa amelishika. Rafu za mizigo ziwe mahali mwenye begi analiona, akilipoteza machoni hatakaa, atasimama hapo hapo mlangoni alilinde. Lifti ziwe mbili kila jukwaa, kubwa, za kupitisha kiti cha magurudumu na mabegi kwa pamoja. Hivyo vyote vinamfaa pia mwenye mkongojo na mwenye kigari cha mtoto, ambao hawaendi popote kwa ndege. Na saa ya msongamano ongeza treni. Mwenye begi na mfanyakazi hawagombani treni ikija kila dakika sita.

Nikikaa kwenye mkutano kama huo wenu ningetaka treni ya kawaida, vituo vichache vilivyowekwa kwenye mitaa yenye watu wengi, njia za kupishana kama alivyosema Mtu wa Ishara, nauli ya mji bila ada ya geti, na ratiba inayoanza kabla ya zamu ya saa kumi. Waulize wahandisi hilo la mwisho mapema kuliko yote, watakwambia usiku ni wa matengenezo, na ni kweli, reli inahitaji kukaguliwa. Copenhagen metro inafika uwanjani saa 24, wanatengeneza upande mmoja huku upande mwingine unafanya kazi. Kama hilo haliwezekani kwenu, basi liwepo basi la usiku linalosimama kwenye stesheni zile zile, kwa tiketi ile ile, na liandikwe ndani ya mkataba wa reli, si kwenye barua ya ahadi. Barua hizo nimeziona. Tulikuwa nayo moja ukutani kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo, na basi halikuja.